Mtengeneza Ngozi wa Ghubra

Ijumaa ya pili ya Shaabani tulimzika jirani yangu katika makaburi ya Amerat. Watu hawakuwa wengi: wanaume wa mtaa wetu wa Ghubra, mafundi aliowafundisha kazi, na mkwewe mpya, aliyeingia kaburini kumpokea. Niliporudi nilizima gari mbele ya lango lake nikabaki nimekaa. Kwa miaka zaidi ya ishirini nilikuwa nikirudi napiga honi mara moja, naye anainua mkono dirishani. Siku ile sikupiga.

Mimi si mtu wa kuandika. Nilisoma kidogo Unguja na kidogo hapa, halafu nikawa dereva wa wizara kule Maskati mpaka nikastaafu. Lakini mjane wake ameniomba niandike ninayoyakumbuka, ili binti yao akipata watoto wapate kusoma. Nimemwambia nitaandika yaliyokuwa, na yasiyokuwa sitayatia. Jina lake la kwanza silitaji. Sisi wawili tukiitana "jirani", mimi namwita yeye na yeye ananiita mimi, na limetutosha. Jina lake la ukoo lazima nilitaje, kwa sababu lilikaribia kumkosesha binti yake mume. Aliitwa Gerber.

Alikuwa Mjerumani. Alikuja Oman bado kijana, kufundisha mafundi katika duka moja la magari Wattaya. Akasilimu, akaoa mwanamke wa kwetu aliyezaliwa Unguja, akabaki. Kiarabu chake kilikuwa cha gereji tu, cha breki na mafuta. Kiswahili alijifunza jikoni kwa mama mkwe wake, ambaye mtaa mzima tunamwita Bi Mkubwa, na kwa hiyo alizungumza kama bibi kizee wa Mjini Unguja. Mtu mrefu, mabega kama mlango, kanzu imempwaya, anasimama kwenye kivuli cha msikiti anawaambia wanaume wenzake: "Ebo! Mie nshachoka mie, jua la leo lanitoa roho." Wageni waligeuka kumtazama, halafu wakatazama chini wasicheke.

Fundi mmoja aliwahi kumwambia, "Mwalimu, unasema kama bibi yangu."

"Bibi yako akisema vibaya?"

"Hapana, anasema vizuri."

"Basi nnashukuru."

Gari za watu alizitengeneza mpaka zikanyamaza kama paka. Gari yake mwenyewe mlango wa nyuma ulifungwa kwa kamba ya katani, miaka. Nikimuuliza ataufunga lini vizuri, anasema, "Bado." Neno hilo alilipenda kuliko yote aliyojifunza. Chai ikimiminwa mapema, bado. Mwanafunzi akikaza boliti na kusema amemaliza, jirani anaweka kiganja juu ya injini, anainamisha kichwa kama daktari, anasema bado, na kijana anafungua upya. Lakini sikumsikia akimwinulia mtu sauti. Alipokasirika alinyamaza akaenda kumwagilia mndimu wake, na mndimu ule ulimwagiliwa sana.

Uwongo hakuuweza. Sisemi hivi kumsifu, maana uliwasumbua watu wa nyumbani kwake. Alikuwa na maradhi ya sukari, na halwa yake alikuwa akiificha ndani ya gari langu, kwenye kisanduku cha mbele. Jioni anakuja, tunakaa garini kama wezi, anakula vijiko viwili, anafuta masharubu. Mkewe alijua kuna jambo. Mara moja alimkabili mbele yangu: "Umekula nini wewe?"

Jirani akamwangalia kwa huruma. "Usinulize, mama Zuwena. Ukinuliza ntakwambia."

Mkewe akafikiri, akaingia ndani. Akajifunza kutouliza. Kuficha aliweza, kudanganya hakuweza, na kwake hayo yalikuwa mambo mawili. Mimi sikuona tofauti, lakini yeye aliiona, na aliishi ndani ya tofauti hiyo.

Kisa cha ngozi kilianza Idi moja ya kuchinja. Watu wa mtaa tulichinja mbuzi wetu, na ngozi zikarundikwa kwenye pipa la taka. Jirani akazitazama kwa uchungu. Aliokota moja, akaiosha kwa mpira wa bustani, akaipandisha darini kwake ndani ya pipa la plastiki pamoja na chumvi na shabu, ile shabu ya kawaida inayouzwa sokoni Matrah, ambayo Bi Mkubwa alikuwa akijipaka kwapani. Alikuwa ameona kwenye simu namna ya kufanya. Lakini aliyekuwa akionyesha kwenye simu alikuwa nchi ya baridi, na sisi tulikuwa Ghubra, mwezi ambao hata maji ya bomba la baridi yanachoma.

Siku chache baadaye mtaa ulinuka. Watu walitafuta paka aliyekufa chini ya magari. Mwishowe Bi Mkubwa alipanda ngazi za darini, yeye ambaye magoti yalishamkataza, mtandio ameubana puani.

"Umetia nini humu, mwanangu? Umeua mtu?"

"Ngozi, mama. Bado."

"Bado nini? Imeshaoza! Hebu toa uchafu huu, watu watasema tunapika mizoga!"

Tulilibeba pipa pamoja, mimi na yeye, mpaka kwenye gari, tukaenda kulitupa mbali na watu. Njia nzima madirisha yalikuwa wazi, na njiani ndipo aliponieleza jina lake. Nilikuwa sijawahi kumuuliza. Nilidhani ni jina tu.

Alisema kwamba zamani kwao mtu alikuwa na jina moja, basi. Kijijini lilitosha. Lakini miji ilipokua, mtaa mmoja ukawa na kina Hans wengi, na karani wa kodi hakujua yupi amelipa na yupi amejificha. Watu wakaanza kumtaja mtu kwa kazi yake: Hans wa kinu, Hans mhunzi, Hans wa mikate. Gerber ni mtengeneza ngozi. Mwanzo lilikuwa la mtu mmoja na likifa naye. Mwanawe akifanya kazi nyingine, aliitwa kwa kazi hiyo nyingine. Halafu taratibu majina yakaganda. Mtoto akarithi jina hata kama hajawahi kugusa ngozi. "Babu yangu mie alikuwa akioka mikate," alisema, "na jirani yake aliyeitwa Mwoka Mikate alikuwa akiuza viatu. Hakuna aliyeona ajabu."

Aliniambia kuwa neno lenyewe, ukilifuata nyuma sana, maana yake ni kutayarisha, kukifanya kitu kiwe tayari. Walikuwako wa aina mbili. Wa ngozi nyeupe walitumia shabu na chumvi, kwa mbuzi na kondoo. Wa ngozi nyekundu walitumia magome ya mti yaliyosagwa, kwa ng'ombe, na ngozi nzito ya soli ililala shimoni mwaka mzima na zaidi. Wote waliwekwa mwisho wa mji, upande wa chini ambako mto unauacha mji, ili maji machafu yasipite kwa watu wengine. Sasa mitaa hiyo bado ina jina lao, lakini ni mikahawa mitupu. Aliporudi kwao mara moja alikaa pale na mkewe wakala aiskrimu.

"Harufu imekwisha?" nilimuuliza.

"Imekwisha. Nilisikitika kidogo."

Alipenda kusema kwamba ukifungua kitabu cha simu cha Ujerumani utawakuta kina Gerber kurasa kwa kurasa, na karibu wote si ndugu zake. Kila mji ulihitaji viatu na hatamu, kwa hiyo kila mji ulikuwa na Gerber wake. Bi Mkubwa alikuwepo siku moja aliposema hivyo, anachambua mchele. Alisikia kurasa kwa kurasa. Hayo mengine hayakumwingia, au hakutaka yamwingie.

Hapa inabidi niseme jambo ambalo kwetu halisemwi barazani, ingawa kila mtu analijua. Sisi mtu tunamjua kwa baba yake, babu yake na kabila lake. Ziko kazi ambazo watu wa zamani walizidharau, ya uhunzi, ya kinyozi, ya ngozi, na mtu ambaye wazee wake walifanya kazi hizo, wako watakaokula naye na kusali naye, na siku ya kuoana watakumbuka. Dini haikutuambia hivyo. Tumejiambia wenyewe.

Bi Mkubwa alikuwa na mjukuu mmoja tu, Zuwena, na alitaka aolewe kwa heshima. Kwa hiyo kila alipoulizwa baba wa mtoto ni nani, alijibu bila kupepesa macho: "Al-Gerberi. Kabila kubwa hilo, limetapakaa Ujerumani nzima." Watu waliamini. Nani angekwenda kuhakikisha? Msikitini wengine walimwita hivyo, Al-Gerberi, na yeye alidhani ni Kiarabu tu kinachopenda kutia "al" mbele ya kila kitu. Hakujua ameshapewa kabila.

Zuwena alikuwa mwalimu wa skuli hapa hapa Ghubra, msichana mpole, anayecheka kwa mabega kama baba yake. Kijana aliyemtaka aliitwa Nasor. Baba yake Nasor alikwisha kufa, na mkubwa wa nyumba yao alikuwa ami yake, mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi, mtu mzito, mwenye maneno machache. Watu wao walitoka bara, Tabora. Bi Mkubwa aliposikia alipinda mdomo. "Wa bara! Haya, si kitu. Kijana ana adabu. Lakini tuwaonyeshe na sisi ni watu."

Jirani hakuwa na ndugu Oman, akaniomba nikae upande wake siku ya posa. Kabla ya kuingia, Bi Mkubwa alinivuta kanzu ukumbini. "Wewe sema wewe. Yule muache anyamaze. Asiulizwe kitu, umenisikia? Asiulizwe!"

Kwetu mwenye haja hanywi kahawa ya mwenyeji. Anapokea kikombe, anakiweka chini, anasema haja yake. Mwenyeji akikubali humwambia, "Kunywa kahawa yako, haja yako imekwisha." Ami alikiweka kikombe chini kwa taratibu nzuri kabisa. Aliomba kwa maneno mazuri. Jirani alikuwa amejifunza jibu, midomo yake ilishaanza kulitafuta, nami nikaona mambo yamekwisha salama. Na Ami naye alikuwa na furaha, na kwa furaha hiyo, kwa heshima tu, ili kumpamba mwenyeji wake, akauliza:

"Na hawa Al-Gerberi, wenyewe hasa ni watu wa upande gani wa Ujerumani?"

Nyuma ya mlango wa wanawake Bi Mkubwa alikohoa. Mimi nikasema, "Ami, Ujerumani ni kubwa." Lakini jirani alikuwa ameshaulizwa.

"Si kabila, Ami," alisema. "Nani kakwambia ni kabila? Hiyo ni kazi. Wazee wangu walikuwa wakitengeneza ngozi."

"Ngozi."

"Za ng'ombe na mbuzi. Walikaa mwisho wa mji, mtoni, kwa sababu ya harufu."

Nilimkanyaga mguu. Alinitazama, akauvuta mguu wake, akaendelea. Akaeleza habari ya kina Hans na karani wa kodi, na babu yake wa mikate, kwa upole, kama mtu anayemtembeza mgeni nyumbani kwake chumba kwa chumba. Nasor alikuwa ameinamisha kichwa. Ami alisikiliza mpaka mwisho, maana ni mtu wa adabu. Kisha akasema, "Mwenyezi Mungu akuzidishie kwa ukweli wako. Tutazungumza na wenzetu." Akasimama, na wengine wakasimama. Kikombe kilibaki pale kwenye zulia, kimejaa.

Nilimwambia jirani, "Na harufu uliitia ya nini?"

"Si ilikuwako?"

Bi Mkubwa hakusema naye mpaka mwezi ukaandama. Alimpakulia chakula akamsogezea sahani bila kumtazama. Mara moja tu nilimsikia akiuambia mndimu, si yeye: "Mtu anapewa kabila bure, anakataa!"

Lakini Zuwena ndiye aliyekuwa akiumia. Hakupiga kelele. Alikwenda skuli, alirudi, alifunga mlango wa chumba chake. Siku moja alasiri nilikwenda kwao kumpelekea jirani dawa zake, nikamkuta amekaa chini kwenye ukumbi, nje ya mlango ule, mgongo ukutani, miguu mirefu imeziba njia. Nilitaka kurudi, akaniashiria nikae. Zuwena alizungumza kutoka ndani.

"Baba, ungenyamaza mara moja tu. Mara moja."

"Ningenyamaza, mwanangu, ungekwenda kwao na jina la kuazima. Siku wangejua, ungekuwa peke yako huko. Mie sipo, mama yako hayupo. Bora wakuumize hapa kwetu, nami nipo nje ya mlango."

Nyayo zilisogea mpaka mlangoni. Halafu Zuwena akasema, "Umekaa chini? Na mgongo wako huo?"

"Nimekaa."

"Inuka, baba."

"Bado."

Mlango ulifunguka. Nikaziacha dawa juu ya kabati la viatu, nikaondoka.

Ami alileta maneno baadaye, kupitia kwangu, baada ya sala ya alasiri. Wenzake wamekubali, alisema, kwa sharti moja. Siku ya kufunga ndoa, na kwenye kadi za harusi, msichana atajwe kwa ukoo wa mama yake, ambao unajulikana, na hili jingine lisisemwe. Nilimpelekea jirani sharti hilo. Niliona ni jambo la kati kwa kati, na nilimwambia hivyo. Alikwenda kwa Zuwena kwanza, akamwambia uamuzi ni wake. Zuwena akajibu kwamba yeye ana baba. Basi nikarudi na jibu hilo, na Ami akatikisa kichwa, na mambo yakasimama.

Yalisimama zaidi ya mwaka. Nasor hakuposa kwingine. Alikuwa akija kusali msikiti wetu, ingawa kwao ni mbali, anamsalimu jirani, anambusu kichwa, wanaulizana hali ya magari. Sikumsikia hata mmoja wao akitaja lile.

Kisha jirani akaugua, sukari kwanza, halafu figo, halafu mapafu yakajaa maji. Hospitali wakamrudisha nyumbani na mtungi wa oksijeni na kinyago cha kumziba pua na mdomo. Alipungua. Mabega yale yalibaki mifupa. Kitanda kikatiwa katika majlisi, chumba cha wageni cha chini, kwa sababu ngazi hakuziweza tena.

Jumapili moja Ami alikuja, peke yake. Kumtazama mgonjwa ni wajibu, na hakuna aliyeweza kumuuliza kwa nini. Mimi nilikuwapo, nilikuwa nikimkanda miguu.

"Nimekuja kukuona wewe," Ami alisema. "Si kwa lile."

Jirani alikivuta kinyago chini kidogo. "Afadhali. Leo hata mie silitaki lile. Pumzi hazitoshi."

Ami akacheka, akakaa. Walizungumza bei ya saruji, na joto, na jirani akamuuliza kama mashine yake ya kuchanganyia zege bado inapiga kelele. Ami alikuwa akizungusha fimbo yake baina ya magoti.

"Mimi siogopi ngozi," alisema mwishowe. "Naogopa ndugu zangu."

"Nnajua. Kazi ngumu hiyo."

"Kijana hali chakula nyumbani. Mama yake hasemi nami, ananisogezea sahani tu."

Jirani alinitazama, macho yakacheka. "Nnaijua hiyo pia."

Ami akasimama. Nilidhani anaaga. Akasema, "Kesho baada ya alasiri nitakuja na shekhe. Ndugu zangu wakitaka waje, wasipotaka wakae." Akafika mlangoni, akageuka. "Wazee wako walikaa mwaka mzima wakingoja ngozi moja?"

"Ya soli. Na zaidi."

Ami akatikisa kichwa, akatoka.

Walikuja Jumatatu. Ndugu wa Ami walikuja wawili tu, wakakaa karibu na mlango. Zuwena, mama yake na Bi Mkubwa walikuwa chumba cha pili, pazia limeachwa wazi kidogo. Shekhe alimwangalia jirani, akaona kifua kinavyopanda na kushuka. Akasema kwa upole kwamba baba anaweza kuweka wakili, sheria inaruhusu, na mimi jirani yake nitasema badala yake, yeye apumzike.

Jirani alikataa kwa kidole. Akaniashiria nimvue kinyago. Nikamvua. Alishika mkono wa Nasor, akaanza, pumzi ikakatika. Akaanza tena, ikakatika tena. Hakuna aliyesogea. Nilimwegemeza kifuani kwangu, nikamsikia moyo mgongoni. Mara ya tatu alisema polepole, neno kwa neno: amemwoza Nasor binti yake Zuwena. Akataja jina lake mwenyewe, na la baba yake, mtoto wa yule mwoka mikate, na mwisho Gerber, bila "al".

Nasor aliitikia. Alimkubali Zuwena, akayarudia majina yote matatu, na lile la mwisho akalisema kwa sauti, akiwatazama ami zake pale mlangoni.

Chumba cha pili wakapiga vigelegele, na kigelegele cha Bi Mkubwa kilianza mbele ya vyote. Watu wakaamkiana. Jirani alikuwa bado ameniegemea, midomo imeingia rangi ya buluu, anatafuta hewa.

"Jirani," aliniambia, "sasa nirudishie."

Nikamrudishia kinyago, nikaupitisha mpira nyuma ya sikio.